Kipande cha Tatu Kilibaki Mamba

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa kaunta. Nyie mliobaki mkaniomba niwaandikie karatasi moja ya kubandika ukutani: namna ya kubana mafaili na namna ya kuyafungua. Nimekubali kuandika, ila karatasi moja haitatosha, na ukuta ule umeshajaa kalenda za miaka iliyokwisha. Mtachagua wenyewe cha kubandua.

Habari za vyeo sina. Nilianza nikiitwa dada, katikati nikaitwa mama, nimemaliza naitwa bibi. Vyote nilipewa na wateja bila kuomba.

Siku ya kwanza steshenari yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vyandarua, hapa Mpanda mjini. Kulikuwa na mashine mbili za kuchapa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya mama mkwe. Mimi nilikuja kuchapa barua. Kompyuta hakuna aliyeigusa, kila mtu akisema inamsubiri Fundi Gervas. Huyo alikuwa anakuja na treni kutoka Tabora, anatengeneza kompyuta za watu, anaondoka na treni inayofuata ikiwa ipo. Alipofika aliondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akaniuliza:

"Dada, unajua kufunga mzigo?"

"Kwetu tunalima tumbaku."

"Basi nusu ya kazi unaijua."

Alinifundisha kwa tumbaku. Majani yakikaushwa yanajaza chumba. Ukiyakandamiza yanakuwa robota linalobebwa na watu wawili. Majani ni yale yale, kilichotoka ni hewa. Faili la maandishi lina hewa nyingi, maana maneno yanajirudia, kwa hiyo likibanwa linanywea. Picha ya kamera imeshakandamizwa na kamera yenyewe, ukiibana haipungui kitu cha maana. Unaibana ili picha mia zisafiri kama mzigo mmoja, basi. Hiyo ndiyo elimu yote. Mengine ni kujua mzigo umefungwa na nani, na kwa kamba gani.

Akanipa na sharti moja: hesabu kabla ya kufunga, hesabu baada ya kufungua. Nikamwambia mimi kila kitu nahesabu mara mbili. Akasema basi nitahesabu mara nne.

Kwenye Windows, zipu haina ugomvi. Unabofya kulia juu ya folda, unachagua kubana, limekuwa furushi. Kufungua ni hivyo hivyo: bofya kulia, toa vyote, chagua pa kuweka. Shida ni kwamba Windows inakuruhusu kuchungulia ndani ya furushi bila kutoa kitu, na mtu akichungulia anadhani ameingia. Katekista mmoja wa mjini alifungua historia ya parokia akiwa ndani ya zipu, akairekebisha asubuhi nzima, akafunga, akaenda kula. Aliporudi, historia ilikuwa ile ya zamani na makosa yake yote.

"Nimeandika, mama, macho yangu haya," aliniambia.

"Umeandika, ndiyo. Umeandika dirishani."

Tuliikuta nakala yake kwenye folda ya muda, ile inayofagiwa bila taarifa. Ilikuwa bahati. Toeni kwanza, ndipo mfanye kazi.

Yakaja mafaili ya rar. Hayo Windows ilikuwa haiyajui, yakahitaji programu yake. Ile programu inakuomba uinunue kila unapoifungua, unaikatalia, inakuhudumia. Nimepatana bei na wauza vitenge wa Kigoma miaka mingi, sijakutana na muuzaji mpole namna ile. Baadaye tuliweka 7-Zip, ya bure, inayofungua zipu, rar, na karibu kila furushi linaloingia pale kaunta. Mkiikuta imeondolewa kwenye mashine, irudisheni kabla hamjawasha kitu kingine.

Mac nayo ina tabia zake. Alikuja mtafiti mmoja aliyekuwa anahesabu viboko kule hifadhini. Alituletea zipu aliyoifunga kwenye Mac yake, tumsafishie picha. Nikafungua, nikahesabu, nikapata idadi mara mbili ya aliyosema. Nusu zilifunguka, nusu zikagoma. Akaja juu.

"Mmeniharibia picha nusu."

"Bwana, ulileta ngapi?"

Akataja.

"Na zinazofunguka ni ngapi? Hesabu mwenyewe."

Akahesabu viboko wake. Walikuwa wametimia. Zile zilizogoma zilikuwa vivuli: Mac inapofunga furushi huweka folda ya ziada, na ndani yake kila picha ina kijifaili chenye jina linaloanza na nukta. Kwenye Mac havionekani. Kwenye Windows vinatoka hadharani vyote. Futeni ile folda ya ziada, msimtoze mteja, na msimwambie ameleta picha mbovu.

Kutoka Mishamo alikuja bwana wa mradi wa maji na kompyuta yake ndogo kwenye begi, nyuma ya pikipiki, imevishwa mfuko wa mbolea kwa ajili ya vumbi. Yeye alikuwa mtu wa Linux. Jina la mzigo wake liliishia na tar.gz. Hilo ni furushi la kamba mbili: kwanza vitu vimefungwa pamoja, halafu lile fungu zima likabanwa. Ukilifungua kwa 7-Zip mara ya kwanza, unakuta furushi lingine ndani, na wengi hapo hukata tamaa. Fungueni mara ya pili. Windows mpya siku hizi zinalifungua bila maneno. Simu za Android nyingi zinafungua zipu zenyewe. Rar na mengineyo mpaka uweke programu.

Halafu kuna wale wanaopatana kama sokoni. Bwana harusi anakuja na video, unaibana, inapungua unywele mmoja.

"Bana tena kidogo, mama."

"Nimeshabana."

"Ibane mara ya pili, itaona aibu."

Haioni aibu. Ukibana kilichobanwa, wakati mwingine kinaongezeka, kwa sababu umenunua na kamba ya pili. Nimeliongea hilo kwenye kaunta ile mpaka sauti ikakwama, na bado kila bwana harusi alidhani nampandishia bei.

Sasa niwaambie habari ya Mwalimu Desderi, maana ndiyo mliyoisikia vipande vipande na kila mmoja wenu anaisimulia kivyake.

Mwalimu Desderi ni mwalimu wa taaluma kwenye shule moja ya sekondari ng'ambo ya kijiji cha Mamba. Mwaka ule majina ya kidato cha nne yalikuwa yameshaingia kwenye mfumo wa usajili wa mitihani. Zilibaki picha zao. Mtahiniwa asiye na picha, usajili wake haukamiliki, na asiyekamilika hafanyi mtihani. Mfumo ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Shuleni kwake mtandao haukuwepo. Hata kupiga simu ilibidi apande kichuguu nyuma ya jiko. Kwa hiyo alizituma picha kwetu Mpanda, tumpandishie kwenye mfumo.

Alipiga kwa kamera ya kuazima, ya mpiga picha wa harusi. Kila picha ilikuwa kubwa ya kutosha bango la mgombea. Alipozibana zote pamoja, furushi halikuingia kwenye flashi yoyote pale shuleni, maana zote zilikuwa zimejaa mitihani ya nyuma. Akafanya jambo la mtu anayejua kompyuta: akaiambia programu ilikate furushi vipande. Viwili vikawa vikubwa sawa, cha tatu kikawa mabaki. Kila kipande akakiweka flashi yake.

Halafu akafanya jambo la mtu anayeijua barabara. Huko Mpimbwe, masika, mwenye magunia ya mchele hapakii yote gari moja. Anayagawa. Gari moja likilala kwenye tope, mengine yanafika sokoni na hasara inakuwa ya gunia, haiwi ya msimu. Mwalimu naye akagawa. Flashi ya kwanza alimpa kondakta wa basi. Ya pili ikapanda gari la masista wa zahanati. Ya tatu alimpa Mama Skola, muuza mchele anayekuja Mpanda kila wiki. Huyu binti yake, Skolastika, alikuwa mmoja wa hao watahiniwa. Mwalimu aliona mzazi hawezi kuichezea.

Ijumaa asubuhi nilikuwa na flashi mbili mezani. Simu ikaita.

"Shikamoo mama. Mzigo umefika?"

"Marahaba, mwalimu. Viwili vimefika. Cha tatu?"

"Anacho Mama Skola. Mvua imemshika njiani. Wewe anza na hao wa vipande viwili, hao wengine wachache tutawatafutia njia."

Nikamweleza taratibu, nisije nikamwangusha kutoka kwenye kichuguu. Vipande vya furushi si magunia. Kisu kinapita popote, kinakata hata katikati ya picha ya mtu. Zaidi ya hapo, furushi la aina ile orodha ya vilivyomo inakaa mwishoni kabisa. Kipande cha tatu kilikuwa kidogo kuliko vyote, na ndicho kilichobeba orodha. Bila hicho, programu haikuweza kuniambia hata jina la mwanafunzi mmoja.

"Kwa hiyo sasa hivi una wangapi?" akauliza.

"Sina hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Picha zenyewe si zipo kwenye kompyuta ya shule?" nikamuuliza.

"Nilizifuta. Ilikuwa imejaa, nikahitaji nafasi ya kubana."

"Na kamera?"

"Nilimrudishia mwenyewe. Jumamosi alipiga harusi juu yake."

"Wanafunzi uwapige upya kwa simu?"

"Jana nimewaruhusu waende makwao kuchukua chakula cha bweni. Wanarudi Jumapili."

Sikuwa na la kumlaumu. Kwa barabara ile na mvua ile, hata mimi ningegawa. Nikaomba namba ya Mama Skola.

"Uko wapi, Mama Skola?"

"Niko Mamba. Kalavati limekwenda na maji. Magari yamejipanga hapa na mchele wangu uko juu ya gari."

"Flashi iko wapi?"

"Ninayo."

"Iko wapi?"

"Ninayo, mama. Unataka nikutajie mahali mbele ya madereva?"

Nikamwambia hali ilivyo: flashi yake ndiyo inayofungua nyingine zote, na bila hiyo hakuna mtoto wa shule ile atakayesajiliwa, Skola akiwemo. Nikamuuliza kama hapo kuna mtu mwenye kompyuta. Akasema yupo Sitta, anayechaji simu na kuwawekea watu filamu.

"Lakini mwalimu aliniambia nisimpe mtu mpaka mkononi kwako."

"Humpi. Anachomeka, anachomoa, unaichukua. Unakaa hapo hapo."

"Na akiifuta?"

"Ndiyo maana nimesema unakaa."

Akampelekea simu Sitta. Sitta ni mtu mzima, Msukuma, sauti nzito isiyo na haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nina shida ya dakika chache na kompyuta yako."

"Mama, hapa watu wamekwama tangu jana. Nina simu zao ishirini na betri moja ya sola. Nikiwasha kompyuta, simu zinalala, na hawa watanila mimi."

"Unataka nini?"

Hapo akashusha sauti.

"Wewe si ndiye yule mama wa mafaili wa Mpanda? Nina filamu imekuja vipande sita. Kila nikifungua inaniambia imeharibika. Nimeshapokea hela za watu, sasa wananiita tapeli."

"Vipande viko folda moja?"

"Viko flashi tatu."

"Mkoa huu wote mmelelewa na mama mmoja. Weka vyote folda moja. Usibadilishe jina hata la kimoja. Fungua cha kwanza peke yake, vingine programu inavitafuta yenyewe."

"Ngoja nijaribu."

"Changu kwanza."

"Nikitanguliza changu nitajua kama unasema kweli."

"Baba, chako hakina saa kumi. Nitumie changu, halafu jaribu chako. Kisipofunguka, usinisalimie tena maisha yako."

Nikamsikia anamwambia mtu achomoe simu yake kwenye chaji, na mtu akikataa, na Mama Skola akimjibu huyo mtu maneno ambayo siyaandiki hapa. Baada ya muda Sitta akarudi.

"Mama, hiki nacho kimeharibika. Nimekifungua kimegoma."

"Usikifungue. Huo ni mkia, mkia haufunguki peke yake. Nitumie kwa simu, kama dokumenti, na jina lake lile lile."

Kipande kilikuwa kidogo, ila mnara wa pale ulikuwa mmoja na watu waliokwama walikuwa wote kwenye simu wakitafuta habari za kalavati. Kwa taarifa za Sitta, mstari wa kupakia ukasogea, ukasimama. Ukasogea, ukasimama tena. Saa saba ikapita ukiwa nusu. Mwalimu alipiga mara mbili, nikamwambia akae palepale juu na asipige, ananiziba laini. Halafu ghafla Sitta akaandika kwamba ule mstari unatembea kama uliosukumwa. Nikampigia Sitta, umefanya nini?

"Si mimi. Mama Skola amepita gari hadi gari, amewaambia watu wote wazime data."

"Wamekubali?"

"Dereva wa lori alibisha. Sasa hivi simu yake anayo Mama Skola."

Kipande kikaingia. Nikaviweka vyote vitatu folda moja, nikakifungua cha kwanza. Orodha ikatokea, majina yote, kila mwanafunzi na picha yake. Nikatoa, nikahesabu, nikalinganisha na idadi ya Mwalimu, nikahesabu upya kuanzia chini kwenda juu. Zilitimia. Nikazipunguza zote kufikia ukubwa ambao mfumo unaukubali, kazi ambayo ingefanyika shuleni mwanzoni kabisa, mzigo mzima ungeingia kwenye flashi moja. Hilo liandikeni kwa herufi kubwa kwenye hiyo karatasi yenu: punguzeni picha kabla ya kubana. Nikaanza kupandisha, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikubaliwa mfumo ukiwa bado wazi. Nikampigia Mwalimu.

"Wote?"

"Wote."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

"Mama, hesabu tena, tafadhali."

Nikahesabu tena, yeye akisikiliza.

"Sasa shuka, mwalimu," nikamwambia.

Sitta alinitumia ujumbe jioni: filamu imefunguka, shikamoo. Nikamjibu marahaba.

Jumatatu Mama Skola aliingia steshenari, tope limemfika magotini, mchele ameuacha stendi kwa mtu anayemwamini. Nilikuwa nimeshamwambia kwa simu kwamba kazi imekwisha, picha zimefika, asihangaike. Hata hivyo alikuja. Aligeuka akaangalia ukutani, alipogeuka tena flashi ilikuwa mkononi. Akaiweka kwenye kaunta.

"Mzigo wa mwalimu," alisema. "Alisema mkononi kwako."

Nikaichukua kwa mikono miwili, nikaichomeka, nikanakili kile kipande upya kwenye folda ya shule, kana kwamba ndiyo kwanza kinafika. Alisubiri mpaka nikachomoa.

"Skola wangu yumo?"

Nikageuza kioo cha kompyuta upande wake, nikaifungua picha ya Skolastika, ile kubwa. Mama Skola aliisogelea. Alifuta kioo kwa kona ya kanga yake, kikabaki na mstari wa tope, akauacha. Alimwangalia binti yake muda mrefu. Wateja wawili walikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikawapa ishara wakae.

"Kola imekaa upande," alisema.

"Naiona."

"Mwalimu mzima, kamera mkononi, hajaiona kola."

"Walikuwa wengi, mama."

"Huwezi kuinyoosha kidogo kabla haijaenda?"

Nikamwambia imeshaenda.